Mamluki wa Nyumbani

Kila siku ya shule Khalayi aliamshwa na kelele za mama yake akitafuta filimbi. Filimbi hiyo ilikuwa na tabia ya kupotea. Leo ingekuwa chini ya kochi, kesho ndani ya sufuria, na Mama Everline Nalianya, mwanamke aliyeweza kuwapanga wanariadha themanini kwa kuwatazama tu, alishindwa kabisa na kijidude hicho. Mara nyingi Khalayi ndiye aliyekipata. Mama alikivaa shingoni, akanywa chai akiwa amesimama, akasema, "Funga mlango vizuri, na usichelewe shule," kisha akatoka kabla jua halijachomoza juu ya mapaa ya mtaa wa Mowlem.

Mwaka huo wa 1996 Mama alikuwa na kila sababu ya kurauka. Alikuwa ameteuliwa kuwa mkuu wa idara ya michezo katika chuo kikuu kimoja jijini. Usidhani kilikuwa cheo cha raha. Chuo hicho kilikuwa kimeshika mkia katika mashindano ya vyuo vikuu miaka nenda miaka rudi. Wakubwa wa chuo walimwambia waziwazi kwamba timu isipofanya vizuri safari hii, idara itafungwa, uwanja utajengwa mabweni, naye atafute kazi kwingine.

Jambo la kwanza alilofanya Mama ni kuwafukuza mamluki. Mamluki, kwa lugha ya michezo, ni mchezaji wa kukodiwa. Si mwanafunzi, lakini huvalishwa sare ya chuo, akapewa jina la mwanafunzi, akakimbia, akashinda, kisha akaenda zake. Chuo cha Mama kilikuwa kimewatumia sana. Kilishinda mbio mbili tatu kwa hila, hila ikagunduliwa, kikanyang'anywa alama zote. Hata hivyo watu wengi hawakumshukuru Mama kwa kuwatimua. Walisema ataizika idara kwa mikono yake mwenyewe.

Khalayi aliyajua hayo yote, maana nyumbani hapakuzungumzwa jingine. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na alipenda kukimbia kuliko kula. Lakini katika mchujo wa shule yao alitoka wa nne, na waliotakiwa walikuwa watatu. Alipomweleza Mama, Mama alisema, "Pole, mwanangu, utajaribu mwakani," huku akili yake ikiwa kwa wanariadha wake wa chuo. Maneno hayo yalimkata Khalayi maini. Aliwaonea wivu wale vijana wa chuo, ambao kila siku walikimbia mbele ya macho ya mama yake.

Jumatano moja alikuwa ametumwa mafuta taa. Kama kawaida yake, aliruka mitaro na kupiga mbio kutoka dukani, chupa mkononi. Mwanamume mmoja aliyevaa suti ya michezo akamsimamisha. Alikuwa Mwalimu Ngigi, aliyefundisha michezo katika shule moja ya upande wa Dandora.

"Wewe msichana, unafukuzwa na nani?"

"Sifukuzwi, mwalimu. Nakimbia tu."

Mwalimu Ngigi alimtazama miguu, kisha uso. "Sikiliza. Jumamosi tuna mashindano ya shule za zoni yetu. Msichana wangu wa mita mia nane, Marion Mulama, ameshikwa na malaria. Huku kwenu ni zoni nyingine, hakuna atakayekujua. Vaa fulana yake, ukimbie. Medali ukiipata ni yako."

"Lakini mimi si Marion."

"Kwa dakika tatu tu utakuwa Marion. Ni kusaidiana, sisi sote ni watu wa mtaa."

Neno mamluki lilimjia Khalayi, akalifukuza haraka. Mamluki walikuwa watu wazima wenye ndevu, si msichana wa darasa la sita anayemsaidia mgonjwa. Ndivyo alivyojidanganya. Akaanza kuiona medali ikining'inia sebuleni, na Mama akiuliza, "Kumbe unakimbia hivi?" Akakubali.

Jumamosi ilipofika, moshi wa jalala la Dandora ulikuwa umetanda hadi uwanjani na kuwawasha watu macho. Fulana ya Marion ilimbana kwapani. Mwamuzi aliita, "Marion Mulama!" mara mbili, na Khalayi akabaki ameduwaa hadi Mwalimu Ngigi alipomsukuma mgongoni. Aliona kama kila mtu uwanjani anajua.

Mbio zenyewe zilikuwa kufa kupona. Tangu kona ya kwanza msichana mmoja mwembamba, mwenye kitambaa kichwani na miguu isiyo na viatu, alimwandama Khalayi. Wenzake walikuwa wakimshangilia pembeni: "Kaha! Kaha!" Walipoingia mzunguko wa mwisho walikuwa bega kwa bega. Khalayi alijirusha mbele na kuvuka mstari kwanza, kifua kikiwaka moto.

Alipogeuka alimwona Kaha ameketi kwenye vumbi, akilia kimyakimya. Mshindi peke yake ndiye angeendelea hadi mashindano ya mkoa. Khalayi alianza kumwendea.

Kisha mtangazaji akashika kipaza sauti. Mgeni wa heshima aliyetarajiwa alikuwa ametuma udhuru, akasema, lakini asubuhi hiyo hiyo waandaaji walikuwa wamepata mwingine, ambaye ndiyo kwanza anafika. "Tumpigie makofi mkuu wa idara ya michezo wa chuo kikuu, Bi. Everline Nalianya!"

Khalayi alirudi nyuma ya Mwalimu Ngigi. Mama yake alikuwa akitembea kuelekea kwenye meza ya medali, amevaa filimbi yake, akitabasamu.

"Mwalimu, nataka kwenda nyumbani," Khalayi alinong'ona.

"Huwezi. Mshindi asipojitokeza wataanza kuuliza maswali," Mwalimu Ngigi akamjibu. Hakujua mgeni yule ni nani kwa Khalayi. "Pokea medali, tuondoke."

Jina la Marion Mulama likaitwa. Khalayi alisogea mbele akiwa ameinamisha kichwa, akitumaini kwa ujinga wake kwamba mama mzazi anaweza kukosa kumtambua mwanawe kwa sababu ya fulana. Aliiona mikono ya Mama ikiinua utepe wa medali. Kisha mikono hiyo ikasimama hewani.

Uwanja mzima ulikuwa ukingoja. Mama aliuliza polepole, "Jina lako nani?"

Khalayi aliwaza haraka. Akisema kweli, maadui wa Mama watacheka hadi walie. Mwanamke aliyewafukuza mamluki chuoni, mamluki yuko nyumbani kwake! Atafukuzwa kazi. Akisema uongo, labda Mama atamvalisha medali, na yote yatakwisha kimya.

"Marion," akasema.

Mama hakumvalisha medali. Aliendelea kumtazama, na Khalayi akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona: midomo ya mama yake ilikuwa ikitetemeka.

"Nitakuuliza tena," Mama alisema kwa sauti ya chini. "Jina lako nani?"

"Khalayi," akajibu, na machozi yakamwagika. "Khalayi Luseno. Mimi si wa shule hii."

Mama aliiweka medali mezani. Akakichukua kipaza sauti na kusema kwamba mshindi huyu ni binti yake, kwamba amekimbia kwa jina la mtu mwingine, na kwamba medali ya kwanza ni ya aliyetoka wa pili, Kaha. Watu wakaguna, wengine wakazomea. Mwalimu Ngigi alikuwa ameanza kunyemelea lango, lakini walimu wenzake walimzuia. Baadaye alivuliwa kazi ya michezo, naye Khalayi akapigwa marufuku kushindana mwaka ule wote.

Njiani Mama alitembea hatua mbili mbele, na Khalayi aliona afadhali angechapwa. Walipofika nyumbani ndipo Mama alipouliza, "Kwa nini?"

"Nilitaka unione nikikimbia."

Mama aliketi kwenye kochi kama mtu aliyeishiwa nguvu. Akamvuta Khalayi karibu. "Hilo nimekosa mimi," alisema. "Nimewaona watoto wa watu wote isipokuwa wangu. Nitajirekebisha. Lakini kumnyang'anya Kaha jasho lake ni kosa lako wewe, wala sitakubebea."

Habari zilifika chuoni kabla ya Mama. Jumatatu alasiri alimchukua Khalayi hadi uwanja wa chuo, akawakusanya wanariadha. Wengine walikuwa wakicheka chinichini. Kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, sisi unatukataza mamluki, na kwako nyumbani unafuga mmoja?"

Wakaangua kicheko. Mama alingoja kiishe. "Swali zuri," akasema. "Atakujibu mwenyewe."

Khalayi alisogea mbele. Aliwaeleza wale watu warefu kila kitu, tangu chupa ya mafuta taa hadi machozi ya Kaha. "Nilishinda," alimalizia, "lakini walipoita lile jina sikufurahi. Niliogopa. Tangu nilipovaa ile fulana nilikuwa naogopa tu."

Hakuna aliyecheka tena. Nahodha wa wasichana, Nafiso, mwanafunzi mrefu aliyetokea mitaa ya Kiamaiko, alikuwa akikwaruza nyasi kwa kiatu. Hatimaye akainuka.

"Mwalimu, bado tuna mamluki mmoja," alisema. "Dada anayetukimbilia mita elfu tano si mwanafunzi wa hapa. Nilijua, nikanyamaza. Nilidhani bila yeye tumekwisha."

Wote wakageuka. Dada aliyetajwa aliokota mfuko wake, akaondoka. Kijana yule wa kwanza akashika kichwa. "Sasa Mwalimu, tutashinda na nani?"

"Na hawa waliobaki," Mama akajibu. "Hatuna nyota, basi tuache kutafuta nyota. Alama hazitoki kwa mshindi peke yake. Wa pili anapata, wa tatu anapata, hata wa sita anapata. Nataka watu wetu wawili katika kila fainali. Waliokuwa wakikaa benchi, kesho njooni mapema."

Kuanzia siku hiyo kazi ilikuwa kazi kweli. Mama aliwapanga upya, akawafundisha waliokuwa wamesahaulika, akawa mkali kwa wavivu na mpole kwa wagonjwa. Nafiso mwenyewe alianza mazoezi ya mita elfu tano. Kila Jumamosi Khalayi alikwenda nao, na mazoezi yalipokwisha Mama alimpigia filimbi, akamtazama akikimbia hadi mwisho.

Siku ya mashindano ya vyuo ilipofika, Khalayi aliketi jukwaani akiuma kucha. Chuo cha Mama hakikutamba katika mbio nyingi, lakini kiliokota alama kila mahali: wa tatu hapa, wa pili pale, wa tano kule. Katika mita elfu tano Nafiso alitoka wa nne, akaanguka chini kwa uchovu. Ikabaki mbio moja ya wasichana ya kupokezana vijiti, nacho chuo kilichozoea kutwaa kombe kilikuwa mbele kwa alama moja tu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kiongozi wa chuo hicho kikubwa alikwenda kwa waamuzi akidai kwamba timu ya Mama ina mamluki. Si walikuwa nao miaka yote? Si hata bintiye alikamatwa akiwa mamluki? Waamuzi wakasimamisha mashindano, wakatangaza kwamba kila mwanariadha wa chuo cha Mama atahojiwa. Akipatikana mmoja tu wa bandia, alama zote za timu zitafutwa.

Khalayi aliinuka pale jukwaani. Kama asingewasimulia wale wanariadha, dada yule wa mita elfu tano angekuwa pale pale kwenye foleni. Wanariadha waliitwa mmoja mmoja. Waliulizwa majina yao, masomo yao, wahadhiri wao. Mama alisimama kando, mikono nyuma, uso umetulia. Nafiso alipoulizwa alijibu kwa sauti iliyofika jukwaani. Mwishowe mwamuzi mkuu akafunga kalamu yake na kusema, "Wote ni wanafunzi. Tuendelee."

Sijui kama ni hasira au furaha iliyowapa mabawa wasichana wale wanne, lakini kijiti kilipofika kwa Nafiso, uchovu wake wote ulikuwa umekwenda likizo. Alimpita mpinzani wake wa chuo kile kikubwa mbele ya jukwaa. Kombe likawa lao, na idara ikawa imeokoka.

Jioni hiyo, wanafunzi walipochoka kumbeba juujuu, Mama alikuja kuketi karibu na Khalayi.

"Uliogopa walipoanza kuwahoji?" Khalayi akauliza.

"Hata kidogo. Hapakuwa na mtu wa kumficha." Mama alimfuta vumbi shavuni. "Ushindi wa hila, mwanangu, hauishi unapovuka mstari. Kila ukiitwa jina lazima ushtuke. Wewe uliyaonja hayo, ukayasema mbele ya watu, na ndiyo maana leo tumepona. Mwakani kimbia kwa jina lako, hata ukitoka wa nne. Nitakuwa uwanjani."

"Hata nikitoka wa mwisho?"

"Hata ukitoka wa mwisho," Mama akasema. "Lakini kuanzia kesho tutafanya mazoezi, usitoke wa mwisho."