Ndoo Mbili za Maharagwe

Asubuhi hiyo Mutindi alikuwa na haraka. Wanawake wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana kazi, walikuwa wanakuja kuchimba matuta shambani kwao Kathiani. Mama yake alikuwa ameshashika jembe.

"Mwambie shangazi Wanza apike maharagwe ya ndoo iliyo chini ya meza," mama alisema. "Ile ya mlangoni ni mbegu, nimetia dawa ya wadudu. Umesikia?"

"Nimesikia, mama!"

Shangazi alikuwa nje akisugua sufuria. Mutindi alimpita mbio. "Shangazi, maharagwe iko kwa ndoo, huko jikoni!"

"Haya, kimbia! Kengele ya shule haikungojei."

Katika somo la pili, Mwalimu Kimeu aliwataka waandike jinsi mgeni angefika nyumbani kwao. Mutindi aliandika, "Pita kwa duka."

"Duka gani?" mwalimu aliuliza. "Hapo sokoni yako saba. Huyu mgeni wako atalala njiani!"

Darasa zima likacheka. Mutindi hakucheka. *Ndoo gani?* Alisimama ghafla.

"Mwalimu, watu watakula sumu nyumbani!"

Mwalimu alipiga simu ya mama mara mbili. Haikushikwa. Basi akamkabidhi kiranja darasa, akawasha pikipiki, Mutindi nyuma yake.

Sufuria ilikuwa inatokota. Shangazi alikuwa ameinua mwiko aonje.

"Usionje, shangazi! Ulichukua ndoo gani?"

"Ya mlangoni. Si ndiyo niliona kwanza? Nikaiosha vizuri, ilikuwa na vumbi mingi."

"Hiyo ni mbegu, mama ametia dawa ya wadudu!" Wote watatu walichimba shimo mbali na kuku, wakafukia maharagwe yote. Mama alikuja kutoka shambani na wenzake, akaitazama ndoo tupu, akaketi kizingitini.

"Mbegu yangu yote," alisema polepole.

"Mama Mutindi, wacha hiyo," mwanamke mmoja wa mwethya akasema. "Kesho kila mmoja wetu ataleta kikombe kimoja cha mbegu. Utapanda."

Mutindi alikuwa analia. Mama akamvuta karibu.

"Hukusema uongo, mwanangu. Lakini shangazi yako haoni yaliyo kichwani mwako. Ukitumwa, taja ni kipi, kiko wapi na kwa nini. Kisha umwombe akurudishie ulivyosema. Sasa mwambie tena."

Mutindi alijifuta machozi. "Shangazi, pika kwa sufuria nyingine maharagwe ya ndoo iliyo chini ya meza. Ya mlangoni usiguse, iko na dawa."

"Ya chini ya meza," shangazi akarudia. "Ya mlangoni hata nikitaka kugusa, tumeifukia!"

Hapo hata mama alicheka.