Mlaplastiki

Mlaplastiki, mashine ya kusafisha ziwa, alipita chini ya boti za starehe za Mwanza kama kambare mkubwa wa chuma, kinywa wazi. Chupa za maji, mirija ya soda, vikombe vya kutumia mara moja na kutupa: vyote vilimezwa, na tumboni mwake vijidudu vilivyokuzwa maabara viliviyeyusha kwa dakika kumi. Watalii walishangilia, wakazidi kutupa, wapate kuona anavyokula.

Mhandisi Kabula Lusangija, aliyevizalisha vijidudu hivyo, alikuwa gatini wakati Nahodha Mashauri alipomletea jaketi la kujiokolea.

"Mhandisi, hebu bonyeza hapa."

Kidole cha Kabula kilizama. Povu la ndani, ambalo nalo ni plastiki, lilikuwa limegeuka uji.

"Hili ni la zamani," alisema. Vijidudu havikupaswa kuishi nje ya tumbo la mashine. Ndivyo alivyoandika kwenye ripoti ya usalama, akatia saini.

"La mwezi uliopita, Mhandisi. Na leo nina abiria thelathini. Niondoke, nisiondoke?"

Jukwaani kando ya gati, mgeni rasmi wa uzinduzi alikwisha kushika mkasi wa kukata utepe. Mashine mia mbili kama ile zilisubiri kupelekwa kwenye maziwa mengine. Kabula alimrudishia Mashauri jaketi.

"Nenda tu, Nahodha. Nitalipima kesho."

Saa tisa alasiri tufani ya ghafla iliipindua boti ya Mashauri. Waliojua kuogelea waliyawahi mawe yaliyochomoza majini. Kumi na mmoja walikuwa wameyafunga majaketi yao barabara, kama walivyofundishwa, wakazama nayo. Mashauri alirudi majini mara tatu kuwavuta watu. Mara ya nne hakuibuka.

Maiti zilipokuwa zikipangwa ufukweni, mjane wa Mashauri, Bi. Nyanzobe, alimwendea Kabula.

"Mwanangu, wanasema mume wangu hakukagua vifaa. Wanamwita mzembe. Wewe ulizungumza naye. Ni kweli?"

Mkurugenzi wa mradi alikwisha kumpigia Kabula simu: nyamaza, marehemu hana la kujibu.

"Si kweli, mama," Kabula alisema. "Alikagua. Aliniletea jaketi bovu, akaniuliza aende au asiende. Mimi ndiye niliyemwambia aende."

Bi. Nyanzobe hakupiga yowe. Alikaza kanga kiunoni, akamshika Kabula mkono kwa nguvu ya kuumiza.

"Twende," alisema. "Ukaseme hivyo hivyo mbele ya wanawe."