Ngozi Ikikauka

Siku walikutana, steji ya matatu ya Nyeri ilikuwa matope tupu na watu wanakimbia mvua. Gatimu alikuwa amepiga wandindi yake, ile fidla ya waya moja yenye ngozi ya mbuzi, tangu asubuhi. Hakuna mtu amesimama. Msichana wa smokie, zile soseji za kuchoma, sweta ya manjano, akamwangalia tu.

"Wewe, hiyo kitu yako iko na homa?"

"Ni baridi. Ngozi ikinyonya maji inalegea."

"Si basi ulete hapa kwa jiko."

Ngozi ikapata joto, ikakaza, sauti ikatoka hadi makanga wakanyamaza. Msichana alikuwa anaitwa Wangechi. Miezi nne kila asubuhi Gatimu akawa hapo.

"Mpenzi, leo nichome smokie ama wewe?" Wangechi alikuwa akiuliza.

"Choma mimi. Smokie unauza."

Halafu hoteli ya Nanyuki ikamwita akajaribiwe kupigia wageni. Wangechi akaona ngozi imekauka sana, akaipaka mafuta ya kupikia, vile mamake hupaka viatu. Hakumwambia Gatimu.

Huko Nanyuki, Gatimu akavuta upinde. Wandindi ikatoa pumzi tu, kama mzee amelala. Meneja akarudi kwa simu yake.

Gatimu akagusa ngozi, kidole kikatoka na mafuta, akapigia Wangechi. "Ulifanya makusudi. Hutaki niende."

"Ati makusudi? Niliona itapasuka."

"Mafuta inafanya ngozi nzito. Haiwezi tetemeka."

"Gatimu, mimi ningejuaje?"

Gatimu akakata. Wiki tatu hakushika simu za Wangechi.

Jumapili Wangechi akafika nyumbani kwa Gatimu, viatu matope, kucha zimevunjika. Kwa mfuko alikuwa na ngozi ya mbuzi ya cucu, nyanya yake wa Mweiga.

"Nimeparura manyoya siku mbili. Sijapaka kitu."

 Gatimu akatoa nyundo. Wangechi akavuta ngozi ikiwa imelowa maji juu ya wandindi, Gatimu akagonga vigingi.

"Tunangoja siku ngapi?"

"Nne. Ukiweka kwa jua inapasuka."

"Nimechoka, Gatimu."

"Hata mimi."

Kila jioni Wangechi akitoka steji alipitia hapo, akagonga ngozi na kidole. Du. Bado. Siku ya nne ikalia juu, safi, ikatetemeka hadi kwa mkono.

"Nanyuki watakuita tena?"

"Walichukua mtu wa kinanda."

"Kwa hivyo nilikuharibia."

"Eeh. Uliniharibia." Akaweka wandindi kwa magoti yake Wangechi, polepole. "Kesho washa jiko mapema. Itanyesha."