Matope Yasiyolambwa

Maiti ya Lalit ililala kifudifudi katika Ziwa Nakuru, mahali ambapo maji hayafiki magotini. Heroe walikuwa wameuhama upande ule wote. Hata upepo ulikuwa kama umekanywa usiseme.

"Kitendawili," Inspekta Makokha alisema taratibu. "Mtu mzima amezama kwenye maji ya kunywa kuku."

"Mimi sitegui, Afande," konstebo alijibu. "Lakini tazama kisogo. Kimepasuka."

Lalit alikuwa mpimaji wa matope. Tangu mwaka huo wa 1974 uanze, watoto waliokaa kando ya mto uingiao ziwani walikuwa wakishikwa na degedege na kufa. Watu wakanong'ona kwamba ziwa linawaita. Lalit akasema, hapana, ni madini ya risasi. Hutiririka na maji, huzama, hujificha matopeni yakingoja. Aliahidi kuthibitisha. Sasa amenyamazishwa, na watoto bado wanakunywa maji ya mto.

Ulibaki mkebe wake mmoja wa matope. Aliyeupeleka kituoni ni Kipkemboi, msimamizi wa kiwanda cha betri, ndiye pia aliyeiona maiti.

Makokha akaubeba mkebe hadi nyumbani kwa Kipkemboi kuandikisha taarifa. Mkewe, Chepkemei, akawatilia chai uani. Aliweka vikombe vinne. Wao walikuwa watatu. Hakuna aliyeuliza, binti yao alikuwa amezikwa majuzi.

"Mkebe uliutoa wapi?"

"Ziwani, Afande. Palepale alipolala."

"Uliufungua?"

"Niufungue nitafute nini?"

Makokha akaubandua mfuniko. Ng'ombe wa mle nyumbani akasogea, akanusa, akapiga chafya, akaenda zake.

Chepkemei akacheka kidogo, kicheko kilichosahau njia. "Huyo mlafi? Matope ya ziwa namletea mwenyewe, alambe chumvi ya magadi. Angekula na mkono wako, Afande! Hayo si ya ziwa."

"Chepkemei, ingia ndani," mumewe alisema.

"Niingie kwani nimetukana?"

Makokha hakumwondolea Kipkemboi macho. "Mkebe ulishikwa na watu wawili kabla yangu. Mmoja amekufa. Ya ziwani yako wapi?"

Sauti ya Kipkemboi ikatoka kama ya mtu aliye chini ya kisima.

"Niliyamwaga. Nikajaza ya mtoni, ya upande wa juu wa kiwanda, yaliyo safi. Nilimsihi Lalit aache. Akasema matope hayana ndugu. Nikampiga kwa koleo lake."

"Uliogopa kufutwa kazi?"

"Kazi!" Kipkemboi alitikisa kichwa. "Meneja aliamuru maji ya betri yenye risasi yamwagwe mtoni, lakini mkono uliofungua bomba ni huu. Binti yangu alikunywa huko. Kila nikifumba macho namwona anainama, anachota. Mama yake anaamini ziwa lilimchukua. Nilitaka aendelee kuamini hivyo."

Chepkemei alisimama.

"Siku ile ya homa alililia maji," alisema. "Nikakutuma wewe. Ukachota mtoni."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua?"

Kipkemboi alinyoosha mikono yote miwili mbele ya Makokha. Pingu zikalia.

Chepkemei hakungoja jibu. Alikwishatoka mbio, kitambaa kimemdondoka kichwani, akishuka mtoni walikoinama wanawake na mitungi yao, huku akipiga yowe lililovuka bonde:

"Mwageni! Jamani, mwageni hayo maji!"