Mstari wa Kwenda Bondeni

Haya yalimkuta Megha, rafiki yangu tuliyesoma naye, katika chumba chake cha kazi juu ya duka la vitenge, Kariakoo. Mafuriko ya Mto Msimbazi yalikuwa yamemchukua Hashimu, mwenzake wa kazi, na maiti yake haikuonekana. Megha akabaki akiandaa peke yake hifadhidata ya ramani waliyoianza pamoja, ili watu wa bondeni wachore nyumba zao wenyewe kupitia mtandao. Alikuwa bado hajaifungua kwa mtu yeyote.

Jioni moja Badria, mdogo wake Hashimu, alikuja kuiona. Megha akamchorea nyumba yao, ikawa ya kwanza kabisa. Mara umeme ukakatika, mtandao nao ukaenda. Chumba kikawa giza, ikabaki kompyuta inayotumia betri. Chini mtaani jenereta zikaanza kunguruma, lakini mle ndani walisikia kitu kingine: tik, tik, kama mtu anayebonyeza kipanya. Mikono ya Megha ilikuwa mapajani mwake.

Kwenye ramani mstari ulitoka katika nyumba ile, ukashuka bondeni nukta kwa nukta, ukasimama kwenye matete.

“Hapo mlitafuta?” Megha aliuliza.

“Bado,” Badria alisema, akaanza kulia taratibu.

Asubuhi walimkuta Hashimu hapo hapo, wakamzika siku ile ile. Megha aliporudi kuizima kompyuta, ile tik, tik ilikuwa bado inasikika. Mstari ulikuwa umeyaacha matete, unapanda polepole kurudi nyumbani.