Nikuletee Nini?

Siku shemeji yangu alipokuja kutuaga kwa safari ya kwanza, nilikuwa nimepiga magoti nang'oa pini kwenye kochi la watu watatu. Mimi ni fundi wa makochi. Nikisema hivyo watu hudhani natengeneza makochi mapya, kumbe kazi yangu kubwa ni kuvua ya zamani. Navua kitambaa kilichochakaa, nabadilisha sponji, navisha kitambaa kingine, mwenye kochi anarudi nyumbani anajiona amenunua jipya. Ni kazi ya kuumiza mgongo na haina sifa. Karakana yangu ni kibanda cha mabati ubavuni mwa nyumba, kwa hiyo habari zote za familia hunikuta nikiwa na pini mdomoni.

Shemeji huyu ni dada mkubwa wa mke wangu. Ana duka la kukodisha magauni ya harusi, na yeye mwenyewe alikuwa akisema kwamba mwenye duka la maharusi hawezi kukaa kaunta na uso wa msiba. Mashavu yake yote mawili yalikuwa na mabaka meusi, zawadi ya krimu alizojipaka ujanani. Shingoni, upande wa kushoto, alikuwa na kovu la maji ya moto yaliyommwagikia akiwa mtoto. Alilificha kwa mitandio na mikufu mipana. Sasa alikuwa amepata kliniki nje ya nchi, wanakoondoa vitu vya namna hiyo, na furaha ilikuwa imemjaa hadi hawezi kukaa kwenye kiti.

"Shemeji, nikirudi hutanijua," aliniambia. "Nikikupita njiani usije ukalalamika kwamba sikukusalimia."

"Mdomo hawataubadilisha," nikamjibu. "Ukifungua tu nitakujua."

Alicheka. Tulikuwa tunataniana hivyo siku zote, na sitamsingizia mtu aliyekwisha kufa: alikuwa mcheshi, na mikono yake haikuwa mizito kutoa. Akamgeukia mke wangu, ambaye alikuwa anaanika nguo.

"Nikuletee nini, mdogo wangu?"

"Usijisumbue, dada. Chochote tu utakachoona kinanifaa."

Ndivyo kila mtu anavyomjibu msafiri. Kutaja kitu ni tamaa, kukataa ni dharau. Mimi mwenyewe nimeshasema hivyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

Alirudi na manukato na viatu vya mtoto, na mashavu laini yasiyo na doa. Tulimsifia, naye akajigeuzageuza mbele ya kioo cha kabati letu mpaka tukachoka. Haikupita wiki, mke wangu akaamka na mabaka mawili meusi mashavuni.

Tulilaumu sabuni. Tukalaumu jua. Daktari wa ngozi alimtazama kwa taa yake, akamuuliza ametumia krimu gani, kwa muda gani. Mke wangu akamwambia hajawahi kupaka krimu maishani mwake. Daktari akatabasamu kama anavyowatabasamia wote wanaomdanganya, akamwandikia dawa ya kupaka. Tuliipaka hadi ikaisha. Tukanunua nyingine, nayo ikaisha.

Safari ya pili ilikuwa ya shingo na tumbo. Shemeji alikuwa amezaa mara tatu, mtoto wa mwisho kwa upasuaji, na gauni lake mwenyewe alilopenda halikufungika tena. Alipiga simu akiwa njiani kwenda uwanja wa ndege. Nilimsikia mke wangu jikoni, anasema lilelile. Usijisumbue, dada. Chochote tu.

Siku chache baadaye nilikuwa napiga pasi kitambaa asubuhi wakati mke wangu aliponiita kutoka bafuni. Hakupiga kelele. Aliniita kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala.

Alikuwa amesimama na taulo kifuani, ameinamisha kichwa upande. Shingoni, kushoto, palikuwa na kovu la maji ya moto.

Nililigusa. Halikuwa na joto. Kovu bichi huwa linavuta, lina wekundu, ukiligusa mtu anaruka. Hili lilikuwa limekomaa. Lilikuwa kovu la miaka mingi, limekunjamana na kutulia, kana kwamba mke wangu alikua nalo.

"Kuna jingine," akanong'ona.

Akashusha taulo. Tumbo la mke wangu nalijua. Lilikuwa limebeba mtoto mmoja tu, na huyo alizaliwa kwa njia ya kawaida, mimi nikiwa nje ya mlango nasikia kila kitu. Sasa lilikuwa limelegea na kujaa michirizi, na chini yake ulipita mshono. Mimi ni mtu wa mishono. Niliukagua kutoka mwanzo hadi mwisho. Ulikuwa mshono safi wa fundi anayeijua kazi yake, na hakuna fundi aliyewahi kumgusa.

Binti yetu akaingia hapo hapo, anatafuta mswaki wake. Alikuwa na miaka minne, tukimwita Kasuku kwa sababu kila alichokisikia alikirudia, hata sauti ya mwenye maneno aliiga. Alimtazama mama yake kutoka chini hadi juu. Kisha akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, mama mkubwa," akasema.

 Mke wangu alikaa kwenye kigoda akajifunika uso. Mimi nikamchukua mtoto nikamtoa nje, nikamkemea bila kujua namkemea kwa kosa gani. Kuanzia siku hiyo Kasuku alianza kumkwepa mama yake. Akilishwa anageuza shingo. Akiogeshwa analia na kuuliza mama atarudi lini. Hapo ndipo nilipoijua hofu yangu. Mabaka na makovu ningevumilia, hata angepata mia. Lakini mke wangu alikuwa anafutika mbele ya macho ya mwanawe, na sikujua atabakiwa na nini shemeji akiendelea kusafiri.

Mama mkwe alikuja mchana mmoja. Alimtazama mwanawe shingoni, akalifuata lile kovu kwa kidole polepole, mpaka lilipoishia chini ya sikio.

"Hili nimelipaka dawa kwa mkono wangu," akasema. "Hapa mwisho alilikwaruza, likachelewa kupona. Lakini si la huyu. Ni la mkubwa."

Akaondoa kidole, akakaa kitako. 

"Tulikuwa hatuna uwezo," akaendelea kwa sauti ya chini. Hakuwa anatuambia sisi hasa. "Viatu, sketi, sweta. Alichovua mkubwa, mdogo alivaa. Nikamfundisha kupokea na kushukuru. Hajawahi kukataa kitu cha dada yake, hata kikimbana."

Alimshika mke wangu mkono.

"Akikuuliza tena akuletee nini, kataa, mwanangu. Kataa kwa mdomo wako."

Shemeji alikuja mara moja tu baada ya hapo. Shingo yake ilikuwa nyororo, hana mtandio wala mkufu. Nilikuwa mlangoni na kipande cha sponji mkononi, nikayaona macho yake yanatua kwenye shingo ya mke wangu. Yalikaa pale. Mkono wake ukapanda wenyewe, ukaipapasa shingo yake.

Hakuuliza. Dada wa mtu anakuta mdogo wake ameungua shingo, na hakuuliza imekuwaje. Alisema ameacha duka bila mtu, akaondoka hata chai hajamaliza. Nilimchukia siku ile. Bado kuna siku namchukia, nikiwa nimechoka sana.

Baadaye tukasikia kwamba anasafiri tena. Safari hii ni uso mzima: wanaivuta ngozi nyuma, wanaondoa mikunjo, wanapunguza miaka. Simu yake iliingia asubuhi, sote tukiwa sebuleni. Mke wangu alikuwa na unga mikononi, akabonyeza kwa kiwiko, akaweka sauti ya nje. Kasuku alikuwa chini ya meza na vifungo vyangu vya makochi, anavipanga.

"Nipo uwanja wa ndege," sauti ya shemeji ikasema, nyuma yake matangazo. "Nikuletee nini, mdogo wangu?"

Mke wangu alinitazama. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Usiniletee kitu, dada."

"Jamani. Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Sitaki kitu."

 Nilimsikia anavuta pumzi. Nilidhani atakasirika. Lakini alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayeomba.

"Nikuletee nini, mdogo wangu? Sema tu. Useme kama unavyosemaga."

"Hapana, dada."

"Nakuomba."

"Hapana."

Machozi yalikuwa yanamtoka mke wangu, lakini alikuwa amekataa. Niliona mabega yake yanashuka, kama mtu aliyetua mzigo. Nikainua mkono nimshike.

Kutoka chini ya meza, Kasuku akasema:

"Chochote tu utakachoona kinanifaa."

Aliyasema kwa sauti ya mama yake. Ile ya zamani.

Nilirukia simu. Meza ilipinduka. Upande wa pili shemeji akasema taratibu, "Haya, mwanangu," na simu ikakatika. Nilipiga. Nikapiga tena. Ilikuwa imezimwa. Nikamwachia ujumbe wa sauti nikimwambia mtoto hajui anachosema, ayafute maneno yale, asipande meza ya upasuaji kabla hajanipigia. Sijui kama aliusikia.

Siku ya upasuaji sikufungua kazi. Mke wangu alisema nimweke mtoto karibu yangu, yeye mwenyewe alikuwa anaogopa kumgusa. Nilimleta karakana, nikamvua shati, nikawa namkagua kila baada ya muda. Shingo, mashavu, mgongo, nyuma ya masikio. Alicheka, akadhani tunacheza. Joto la mchana lilipopanda chini ya mabati alilala kwenye kochi nililokuwa nimemaliza kulivisha, la rangi ya kijani, bado lina nailoni yake.

Simu ya mke wangu ikaita kutoka ndani ya nyumba. Nikasikia anaongea. Nikasikia mama mkwe anaanza kulia. Kisha mke wangu akatokea mlangoni mwa karakana na lile kovu shingoni na yale mabaka, akasema maneno machache tu.

"Wamempiga nusu kaputi. Hakuamka."

Walikuwa hawajamgusa hata kwa kisu.

Nilimgeukia mtoto. Nikapiga magoti. Nikamkagua kidole kwa kidole. Ngozi yake ilikuwa safi. Hakuna baka, hakuna mkunjo. Nikakiweka kichwa changu kwenye nailoni ya kochi nikalia kwa nafuu, na Mungu anisamehe, maiti ikiwa bado haijapoa. Nilifikiri kwa kuwa hawakumvua kitu, basi hapakuwa na cha kuletwa.

Mtoto akajinyoosha. Hakufungua macho. Alilamba midomo kwa shida, kama ulimi umekuwa mzito.

"Wameshamaliza?" akauliza.

"Kina nani, mama?"

"Madaktari."

Mke wangu alishika nguzo ya mlango.

Mkono mdogo wa binti yangu ukapanda taratibu. Ukagusa shavu. Ukagusa pua, na kidevu. Ukarudi tena kwenye shavu, ukatulia hapo muda mrefu. Kisha akafungua macho akanitazama, na uchovu uliokuwa mle ndani haukuwa wa mtoto wa miaka minne.

"Shemeji," akasema, "mbona uso wangu umekuwa mdogo?"

  Alifumba macho akalala tena, na alipoamka jioni alikuwa Kasuku, anataka maji na vifungo vyake. Nilimpa.

Shemeji aliletwa, tukamzika. Tulipofunuliwa uso wake kwa mara ya mwisho, wengi walisema anapendeza. Mabaka na kovu vimebaki kwa mke wangu, havitoki. Mtoto alimzoea, akaanza kumwita mama, na hilo lilimrudishia mke wangu usingizi; anaamini lile la karakana lilipita siku ileile. Siwezi kumwondolea usingizi huo. Kwa hiyo mimi ndiye ninayekwenda kumwamsha Kasuku asubuhi, kila asubuhi, na sijamwambia mke wangu ni kwa nini.

Ameanza shule mwaka huu. Ni mzima, ana nguvu, walimu wanampenda. Ila akiamshwa hafungui macho kwanza. Anaupapasa uso wake wote, taratibu. Akimaliza ananitazama. Ananitazama kwa muda, na mimi nasimama pale kando ya kitanda nimeshika sare yake, nasubiri, mpaka atakapoamua kuniita baba.