Mkaja wa Jemadari

Zama zile watemi walipokuwa wakigombea njia ya biashara ya pembe za ndovu, boma la Igulwa lilizingirwa hata watu wake wakawa wanakunywa maji ya handaki. Maji yale yaliwadhuru. Msengi, jemadari wa lango, mvaa kaniki na bangili za shaba, aliamka asubuhi moja utumbo ukimsokota kama nguo inayokamuliwa. Akayaficha maumivu. Igulwa ilikuwa na desturi kali: askari aliyelalamikia tumbo siku ya vita alihesabiwa mwoga, akafungwa kiunoni mkaja wa mwanamke aliyejifungua.

Nyamizi, mganga, mke wa Lugendo aliyekuwa naibu wa Msengi, alileta chungu cha majani ya kivumbasi yaliyochemshwa kwa tangawizi.

"Shemeji, kunywa. Dawa hii hulegeza utumbo uliokaza. Nakuona unavyojikunja."

"Mpe mwenye tumbo joto!" Msengi alifoka, askari wasikie. "Mimi sina haja nayo."

Lugendo, ambaye naye alikuwa akiumwa, aliipokea kata ya dawa akainywa yote. Askari wakaangua kicheko. Msengi, kwa mikono yake mwenyewe, akamfunga rafiki yake mkaja, akacheka kuliko wote.

Jua lilipopanda, adui akaja na magobori, akavunja komeo la lango. Msengi aliinua mkuki. Msokoto ukamkata, akaanguka nyuma ya vihenge vya nafaka, magoti kifuani. Kutoka pale alimsikia Lugendo akiwapanga watu, akasikia lango likisukumwa mpaka likafungwa. Alilia, na aibu ilimliza kuliko maumivu.

Vita vilipokwisha, Mtemi alikuja akamvika Msengi ngozi ya chui, maana heshima ya lango ilikuwa ya jemadari wake. Askari wakatazama chini. Lugendo akamsogelea, mkaja ungali kiunoni.

"Tumbo limetulia, ndugu yangu?" alinong'ona. Hapakuwa na kejeli katika sauti yake, na hilo ndilo lililomchoma Msengi.

Aliivua ngozi akamvika Lugendo, akaufungua ule mkaja, akajifunga mwenyewe.

"Mtemi, mimi nilikuwa nimelala nyuma ya vihenge. Lango alilishika huyu, kwa kuwa alikunywa dawa niliyoikataa."

Mtemi alisikia. Lakini manju walikuwa wamekwisha kutunga wimbo, na jina la Msengi lilikuwa limekaa vizuri kwenye ngoma. Ndivyo Igulwa ilivyomkumbuka. Kila wimbo huo ulipoimbwa, hata uzeeni, Msengi aliinuka akaenda kwa Nyamizi kuomba kata ya kivumbasi, ingawa tumbo halikuwa likimuuma.